Tumezima jiko wiki saba sasa. Tuendelee?

SWALI: Shikamoo daktari. Tupo Morogoro mjini, familia ya watu sita: mimi (34, nanyonyesha), mume wangu (41), watoto wa miaka 10, miaka 5 na miezi 14, na mama mkwe (66) ambaye anatumia vidonge vya kisukari. Mume wangu alifuatilia mafundisho kwenye simu kwamba moto unaua chakula, akaamua tule vibichi kwa sehemu kubwa. Asubuhi ni juisi ya mboga na matunda. Mchana matunda, parachichi, muhogo mbichi na nazi, karanga mbichi. Jioni bakuli la kachumbari na mbegu tulizootesha, choroko na mtama. Tunapika Jumapili tu. Soda, sukari, sembe, mafuta na chumvi ya paketi vimetoka, tunatumia chumvi ya mawe. Yeye amepungua kilo 6 na anasema ni mwepesi. Mimi choo kigumu kimeisha, lakini nachoka sana. Wa miaka 5 anadai chakula kutwa na tumbo limejaa gesi. Mdogo kliniki wamesema amepungua gramu 300. Mama mkwe mara mbili usiku ametetemeka na kutokwa jasho, tukampa juisi ya tango akalala. Sasa mume anataka tuongeze mayai mabichi na maziwa yasiyochemshwa. Tuendelee?

JIBU: Marahaba, mama. Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, na kwa mambo mawili katika barua yako mnahitaji kumwona mwenye koti jeupe wiki hii, kabla hatujazungumzia kachumbari. Nayaanza hayo.

La kwanza ni mama mkwe. Kutetemeka na jasho la usiku kwa mgonjwa wa kisukari aliyeacha ghafla ugali na wali huku akiendelea na vidonge vilevile, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ni sukari kushuka. Kuna vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, vinavyolisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Dozi ilipangwa kwa mtu anayekula mlo wa jioni wenye wanga. Mlo umebadilika, dozi haijabadilika. Juisi ya tango haimsaidii kitu, kwa sababu tango ni maji kwa sehemu kubwa sana na sukari yake ni kama gramu 2 tu kwa kila gramu 100. Hali ile ikitokea tena, na bado anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, msubiri dakika 15, mrudie kama hajatengemaa, kisha ale kitu chenye wanga. Akishindwa kumeza au akichanganyikiwa, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Ndiyo maana nasema sukari irudi nyumbani leo, hata kama ni robo kilo iliyofungwa na kuandikwa "ya bibi". Vidonge asiviache kwa uamuzi wake. Apelekwe kliniki yake ya kisukari, aseme wazi amebadili chakula, wao ndio wapange dozi. Na kuanzia usiku wa leo ale chakula cha jioni kilichopikwa.

La pili ni mdogo. Mtoto wa miezi 14 hatakiwi kupungua hata gramu 50, anatakiwa kupanda. Gramu 300 kwa mtoto wa umri huo ni nyingi. Rudi kliniki wampime tena na wamzungushie ule utepe wa mkono. Ukisoma chini ya sentimita 12.5 anahitaji uangalizi wa lishe, chini ya 11.5 ni matibabu ya haraka. Na asile mbichi-mbichi tena siku hata moja, isipokuwa tunda laini kama nyongeza. Sababu nitaieleza, kwa kuwa nadhani baba watoto atataka kuisikia.

Tumbo la mtoto wa kilo 9 linabeba takribani mililita 270 kwa mlo, kikombe cha chai kimejaa. Ukiacha maziwa yako, anahitaji kama kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula. Papai lina kama kilokalori 43 kwa gramu 100. Fanya hesabu: zaidi ya kilo moja na robo ya papai kila siku, kwa mtoto wa meno sita. Kaka yake wa miaka 5 anahitaji kama 1,300. Kwa tikiti maji peke yake hiyo ni zaidi ya kilo 4. Kwa hiyo akidai chakula kutwa si mlafi wala hajazoea tu. Ana njaa, na tumbo lake limejaa. Vyote viwili kwa pamoja vinawezekana, na ndivyo vinavyomtokea. Unga wa dona, gramu 100, unatoa kama kilokalori 360, ila unga haulambwi mkavu. Moto na maji ndivyo vinavyoufungua wanga mpaka tumbo liuweze.

Nikupe neno moja ambalo naona limewapoteza. Sisi kwa Kiswahili tunasema "mbichi" na tunamaanisha mambo manne. Embe bichi halijaiva. Nyama mbichi haijapikwa. Samaki mbichi hajakaushwa. Kuni mbichi zina maji. Ukienda sokoni ukaomba maharage mabichi utapewa yaliyotoka shambani juzi, hayajakaushwa, na muuzaji hakusudii hata kidogo kwamba uyatafune. Mafundisho ya kwenye simu yametoka kwenye lugha nyingine na jikoni kwingine, yakaingia kwenye neno letu hili pana, na kila kizuri cha "kibichi" kwa maana ya kutoka shambani kikahamishiwa "kibichi" kwa maana ya kutopikwa.

Kuna mkanganyiko wa pili, na huu ndio mkubwa: kupika si kusindika. Kiwanda kinachochukua mahindi, kikatoa kiini na pumba, kikaongeza sukari, rangi, mafuta na harufu, kikafunga kwenye paketi inayong'aa, hicho kimesindika. Mama anayechemsha maharage na kitunguu amepika. Hapo mzee wako, baba watoto, yuko sahihi kabisa kwenye nusu ya kwanza ya uamuzi wake, kuacha vya kiwandani. Soda, juisi za boksi, biskuti, soseji, vijipaketi vya ladha ya mchuzi, kuviondoa ni kazi nzuri na ningemsihi asirudi nyuma. Nadhani sehemu kubwa ya wepesi anaousikia imetoka hapo, kwenye soda zilizoondoka, kuliko kwenye jiko lililozimwa. Choo chako kulainika ni nyuzinyuzi na maji, na nyuzinyuzi ziko tele kwenye maharage yaliyopikwa, dona na kisamvu.

Hoja ya moto kuua chakula ina ukweli kidogo. Vitamini C haipendi joto, na inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo mchicha uliochemshwa nusu saa kisha maji yakamwagwa umebaki rangi. Ila karotini ya karoti, ile inayogeuka vitamini A, inafyonzwa vizuri zaidi karoti ikipikwa na mafuta kidogo kuliko ikitafunwa mbichi. Nyanya vilevile. Kuhusu vimeng'enya, vile vichocheo vinavyovunja chakula, ambavyo nadhani alivisikia vikisifiwa: vimeng'enya vya mmea ni protini, tindikali ya tumbo inavivunja kama inavyovunja protini nyingine, na mwili una vya kwake, vinatoka kongosho. Hakuna haja ya kuviazima kwa kabichi.

Sasa muhogo. Hapa naomba msome wote, pamoja na bibi.

Muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Ukiukata, kuutafuna au kuutwanga, kemikali hiyo inakutana na kimeng'enya cha muhogo wenyewe na kuzalisha sianidi. Muhogo mtamu una kidogo, mchungu una nyingi, na tatizo ni kwamba huwezi kuutambua kwa macho sokoni, wala ladha haisemi kweli kila mara. Wazee wetu hawakuloweka, kuvundika, kuanika na kutwanga makopa kwa kukosa kazi. Walikuwa wanaitoa sumu. Sianidi hupaa kirahisi sana, hata joto la mchana wa Morogoro linatosha kuirusha, mradi muhogo umevunjwavunjwa na kupewa muda. Kisamvu ni hivyohivyo: kinatwangwa ili sumu itoke, kinachemshwa ili ipae, ndipo nazi inaingia. Palipofupishwa hatua hizo, mara nyingi wakati wa ukame na njaa, watu walipata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona, ambao huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ulionekana Tarime miaka ya 1980, umeonekana Msumbiji, na Kongo ndiko jina lenyewe lilikotoka.

Najua utaniuliza kuhusu wale vijana wenye mkokoteni wa mihogo mibichi, nazi na karanga. Baba watoto anajua kwa nini vinauzwa pamoja na mimi siingii huko. Mtu mzima mwenye afya, anayekula milo mingine yenye protini, akitafuna kipande cha muhogo mtamu mara mojamoja, mwili wake unaimudu sianidi ile kidogo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Kwenu ni jambo tofauti. Mnaufanya chakula cha mchana cha kila siku, mnawapa watoto, na mmepunguza protini kwa wakati uleule. Uacheni leo. Uchemsheni, au ukaangeni, ni mtamu zaidi hata hivyo.

Mbegu mlizootesha nazo zinanitia wasiwasi, hasa mtama. Kuotesha ni hekima ya zamani na sisi Watanzania tuna historia nayo nzuri: uji wa kimea wa watoto, unaobaki laini hata ukiwa na unga mwingi, umefundishwa hapa kwa miaka mingi. Lakini mtama ukichipua, kile chipukizi na mizizi yake vinabeba sianidi kwa wingi kuliko punje. Ndiyo maana mpika kimea anauanika, anasugua machipukizi yote yatoke, anasaga, kisha anapika. Ulezi hauna shida hiyo, kwa hiyo kimea cha mtoto ningekifanya cha ulezi. Choroko zilizooteshwa hazina sumu ya namna ile, ila zinaoteshwa kwenye unyevu na joto, mazingira yaleyale ambayo bakteria wanayataka. Ujerumani mwaka 2011 mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi ziliwafanya watu zaidi ya 3,000 waugue, zaidi ya 50 wakafa, na hiyo ni nchi yenye maji ya bomba safi. Otesheni, kisha chemsheni dakika chache. Mtapata faida ya kuotesha, yaani madini chuma na zinki kufyonzwa vizuri zaidi, bila kucheza bahati nasibu.

Maharage hukuyataja, lakini kwa kuwa mnaotesha kila kitu naweka onyo hapahapa. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache, na punje nne au tano zinatosha. Yalowekwe kuanzia jioni, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Kuyaweka kwenye moto hafifu bila kuyachemsha kwanza ni kubaya kuliko unavyodhani.

Mayai mabichi na maziwa yasiyochemshwa: hapana. Maziwa mabichi hapa kwetu yanaweza kubeba brusela, bakteria wa homa ya muda mrefu, na kifua kikuu cha ng'ombe, na mtindi uliogandishwa bila kuchemsha maziwa kwanza haujaepuka brusela. Yachemke yapande, basi, ndipo mgandishe. Yai bichi lina hatari ya bakteria wa salmonela, na ute wake mweupe usiopikwa hunasa vitamini moja ya kundi B isifyonzwe. Akija na nyama mbichi mwambie tegu.

Kachumbari yenyewe siipigi vita, naila kila siku. Swali langu ni maji. Mboga za majani zinalimwa pembeni ya mito na mifereji, na mto unaopita mjini unabeba vya mjini. Mayai ya minyoo yanashikamana na jani, na hayajali limau, siki wala chumvi. Toa majani ya nje, osha jani mojamoja kwenye maji safi yanayotiririka, loweka kwenye maji yaliyowekwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, suuza. Tango, karoti na nyanya ni rahisi kwa sababu zinamenyeka au zinasuguliwa. Majani ya mchicha na matembele mimi siyali mabichi, na watoto wako wasiyale. Hakikisha pia wanapata dawa ya minyoo kila miezi 6, na mdogo apate matone ya vitamini A.

Karanga mbichi: mdogo asipewe punje, wala wa miaka 5 akiwa anacheza, zinapalia. Zitwange. Chagueni zilizokunjamana, zenye kuvu na zilizobadilika rangi mzitupe, kwa ajili ya sumukuvu. Hii haitoki kwa kupika wala kwa kutopika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwa hiyo hapa jiko halina sifa wala lawama.

Chumvi ya mawe nayo irudi ilikotoka. Chumvi ya paketi imewekwa madini joto kwa sheria, kwa sababu nchi hii ilikuwa na rovu nyingi nyanda za juu. Wewe unayenyonyesha unayahitaji kuliko wote ndani ya nyumba, ubongo wa huyo mdogo unajengwa nayo. Hiki ni kitu kimoja cha kiwandani ninachokitetea bila aibu. Unga uliorutubishwa na asidi foliki ni cha pili, hasa kama hujafunga uzazi.

Uchovu wako ninaushuku ni upungufu wa damu, au njaa tu. Mama anayenyonyesha anahitaji kama kilokalori 500 zaidi kwa siku, wewe umepunguza. Kapime wingi wa damu. Na angalia hedhi yako ikisharudi: Ujerumani walifuatilia watu zaidi ya 500 wanaoishi kwa vyakula vibichi, wakachapisha matokeo mwaka 1999, na karibu asilimia 30 ya wanawake walio chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekatika kabisa. Hao ni watu wazima waliochagua wenyewe, wenye maduka ya kila namna.

Kama mzee atasema binadamu wa kale walikula vibichi, mwambie Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hakuna anayeweza kuwashutumu kwa kupenda paketi, wanakula matunda, ubuyu na asali bila kupika, ila nyama, na mara nyingi mizizi, wanavipitisha motoni. Wanaoishi kwa vibichi kweli ni sokwe. Mtafiti Richard Wrangham, aliyewachunguza Gombe na baadaye Kibale kule Uganda, anaeleza kwamba sokwe hutumia saa nyingi za mchana akitafuna tu. Baba watoto ana kazi.

Ningefanyaje ningekuwa mimi? Kuanzia kesho asubuhi jiko linawashwa. Watoto na bibi wanakunywa uji. Wa mdogo uwe wa kimea cha ulezi, wenye karanga zilizotwangwa laini na maziwa yaliyochemshwa, milo mitatu hadi minne kwa siku, na unyonyeshe kama kawaida. Mchana watoto wale dona au wali na maharage au dagaa, mboga iliyopikwa muda mfupi na mafuta kidogo au nazi, maji ya mboga yasimwagwe. Pembeni kachumbari, na tunda baada ya chakula: pera hasa, kwa kuwa lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa, na vitamini hiyo ikiwa tumboni pamoja na maharage inasaidia madini chuma yaingie. Chai isogezwe mbali na mlo, saa moja au mbili. Dagaa, yai lililoiva au nyama mara kadhaa kwa wiki, maana vitamini B12 haimo kwenye mmea wowote. Juisi ya asubuhi iwe tunda zima, kwa bibi zaidi, kwani tunda likikamuliwa sukari yake inakimbia kwenye damu.

Na mzee? Mwache na bakuli lake la mchana. Mtu mzima mwenye afya, aliyeacha soda, akila matunda, parachichi na kachumbari iliyooshwa vizuri mchana, kisha jioni akaketi na familia kula kilichopikwa, sina ugomvi naye hata kidogo. Ila kilo 6 kwa wiki saba ni kasi, apime uzito kila Jumapili na kama unaendelea kushuka bila yeye kutaka, aongeze chakula. Kosa lake naliona moja: alichokiona kinamfaa mwanamume wa miaka 41 alikipika, samahani, alikipakua sahani moja kwa watu sita wenye miili sita.

Mwonyeshe kadi ya kliniki ya mtoto, ule mstari ulivyoinama. Usibishane naye kuhusu simu. Baada ya wiki mbili za uji niandikie uzito wa mdogo na majibu ya damu yako. Kama mdogo hajapanda, au kama anaharisha, amevimba miguu au amekataa kunyonya, usiniandikie, mpeleke kituoni siku hiyohiyo.